Video inayosema “watalipwa mabilioni”: anza na namba ya kesi
Mimi ni karani wa wakili hapa Posta, Dar es Salaam, na wateja huja na simu mkononi: “Kaka, huyu anasema tutalipwa bilioni mbili.” Sikiliza kama ametaja namba ya kesi na mahakama. Hakutaja? Achana naye. Ametaja, na hukumu imetoka? Itafute TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama za Tanzania, kusoma ni bure. Angalia hasa: hizo bilioni zimedaiwa, au mahakama imeamuru zilipwe? Hapo ndipo watu wengi wanapotoshwa, na inaniuma. Hasara mahususi, yaani ile inayohesabika kwa fedha, lazima ithibitishwe kwa ushahidi, kama risiti na vielelezo. Fidia ya jumla, kama ya maumivu na usumbufu, hupangwa na mahakama yenyewe. Halafu kuna rufaa, inayoweza kubadili kiasi hicho. Akikuomba “ada ya kujisajili” upate mgawo, usitume hata shilingi.