Somo: Kupaka tantalamu kwa umeme ndani ya chumvi iliyoyeyuka

Wakuu, beseni la maji linalotosha kwa nikeli halifai kwa tantalamu, metali ngumu isiyoliwa kirahisi na asidi: ukiwasha umeme, maji hutoa haidrojeni na metali haishiki. Ndiyo maana watafiti Mellors na Senderoff, Marekani, miaka ya 1960, walihamia kwenye floraidi zilizoyeyuka. Hii ni kazi ya maabara yenye kifyonza hewa, si ya gereji.

Hatua ya 1. Changanya floraidi za lithiamu, sodiamu na potasiamu kwa moli (idadi ya chembe, si uzito) 46.5 : 11.5 : 42. Kila moja peke yake haiyeyuki chini ya nyuzi 840. Zikiwa pamoja zinalegea kwenye 454. Tantalamu inaingia kama K2TaF7, yaani chumvi ya potasiamu, tantalamu na florini.

Hatua ya 2. Kausha. Hapa ndipo wiki nzima hupotea. Floraidi ya potasiamu inavuta unyevu kama chumvi ya mawe wakati wa masika, na unyevu ukikutana na moto unazaa asidi ya haidrofloriki na kuacha oksijeni ndani ya chumvi. Matokeo yake ni unga mweusi unaofutika kwa kidole. Vuta hewa kwa pampu huku ukipandisha joto taratibu, kisha jaza argoni, gesi isiyoungana na kitu. Mimi siyeyushi kitu mpaka geji ya pampu itulie kabisa.

Hatua ya 3. Chungu kiwe cha nikeli au grafiti, maana kioo kitaliwa. Anodi (upande chanya wa umeme) iwe tantalamu yenyewe, ijaze tantalamu inayopungua kwenye chumvi; kipande unachopaka kikae upande hasi.

Hatua ya 4. Nyuzi 750 hadi 800, miliampea 40 kwa sentimita ya mraba. Kipande cha sentimita za mraba 10 kinakula ampea 0.4. Kila ioni ya tantalamu inataka elektroni 5, kwa hiyo saa moja inakupa gramu 0.54 hivi, unene wa mikrometa 32. Usiwe na haraka.

Hatua ya 5. Kipoe ndani ya argoni, maana tantalamu ya moto hunywa oksijeni ikawa kama kigae. Kinatoka kimevaa ganda la chumvi. Usikwangue kwa kisu! Floraidi ya lithiamu haiyeyuki vizuri kwenye maji. Loweka kwenye mmumunyo wa naitreti ya alumini.

MASWALI

*Mkuu, kwa nini tusitumie kloraidi tu? Kuosha ni rahisi.*
Kuosha ndiyo, ila kwenye kloraidi tupu ioni ya tantalamu hupokea elektroni zake kwa ngazi badala ya kufika metali moja kwa moja, na mara nyingi unaambulia unga au vijitawi.

*Niko Goma, koltani (mawe yenye madini ya tantalamu) ipo. Naweza kuitumbukiza moja kwa moja?*
Hapana ndugu yangu. Hiyo ni oksaidi, na imechanganyika na niobiamu, chuma na manganizi. Oksijeni tuliyoikimbia hatua ya 2 utairudisha kwa koleo. Isafishwe kwanza iwe K2TaF7.

*Ile asidi ya haidrofloriki ikinigusa mkono?*
Maji mengi papo hapo, jeli ya kalsiamu glukoneti, halafu hospitali hata kama huumwi. Maumivu yake huweza kuchelewa masaa, nayo inaendelea kuzama.