Jinsi ya kuwaongoza watoto kuzitambua ishara za Kikristo katika hadithi ya Narnia

Mwalimu wa shule ya Jumapili anayetaka kusoma na watoto hadithi ya simba Aslan, aliyoitunga C. S. Lewis na kuchapishwa mwaka 1950, aisome kwanza hadi mwisho bila kutaja Biblia hata mara moja. Ni jambo gumu kwetu tuliozoea kufundisha, lakini ni la lazima, kwa sababu mtoto akiambiwa mapema kwamba simba ni Yesu, huacha kusikiliza hadithi akaanza kusubiri jibu la mtihani.

Jambo moja tu lifafanuliwe mapema. Narnia, nchi ya kubuni ya hadithi hii, imerogwa, baridi haiishi na Krismasi haifiki. Mtoto wa Njombe au Makete anaijua baridi, maana mwezi wa Julai hukanyaga sakitu akienda shule. Ila kwake Krismasi huja wakati wa mvua, mahindi yakichipua shambani, hivyo haoni mambo hayo mawili yanahusianaje. Mweleze kwamba Uingereza sikukuu hiyo huangukia katika miezi ya baridi kali, naye ataelewa kwa nini theluji inaanza kuyeyuka Baba Krismasi akishafika.

Mahali pa kukaa kwa muda mrefu ni kifo cha Aslan. Edmund, mmoja wa watoto wanne wa familia moja walioingia Narnia, amewasaliti ndugu zake kwa tamaa ya pipi laini za Kituruki na ahadi ya ufalme, na simba anakubali kufa badala yake juu ya Meza ya Jiwe. Soma polepole anavyofungwa kamba, anavyonyolewa manyoya na kudhihakiwa, naye hajitetei. Kisha uliza, "Habari kama hii mmeisikia wapi?" na unyamaze. Katika darasa letu, karibu na Uyole, ukimya ulikuwa mrefu hata nikataka kujibu mwenyewe. Ndipo binti wa miaka tisa, aliyekuwa akikunjakunja ncha ya kitenge alichombebea mdogo wake, akasema kwamba Susan na Lucy, dada zake Edmund, waliokesha na maiti ya simba, ni kama wale akina mama waliokwenda kaburini alfajiri. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa Isaya 53. Tukafungua Luka 24.

Ishara zina mpaka, na mwalimu auheshimu. Edmund anafanana na Yuda anaposaliti, lakini anaposamehewa na kurudishwa kwa ndugu zake anamkaribia zaidi Petro. Lewis mwenyewe alieleza kwamba hakutunga fumbo ambalo kila kitu kina maana yake iliyofichwa. Alijiuliza ingekuwaje kama Mwana wa Mungu angeuingia ulimwengu mwingine, ulio kama Narnia. Kwa hiyo mtoto akiuliza wale panya wanaotafuna kamba za Aslan ni akina nani katika Biblia, mjibu kwamba ni panya, nao walimwonea huruma.