Sevisi ya Gari Ukiwa Mtwara au Lindi: Kazi za Kufanya Mwenyewe na Kazi za Kumpelekea Wakala

Mwenye gari anayeishi Mtwara au Lindi hulikabili suala la sevisi kwa namna tofauti na mwenzake wa Dar es Salaam, kwa kuwa wakala wa kampuni iliyotengeneza gari lake huenda asiwepo mjini kwao kabisa. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 550, na gari dogo linalokwenda kilometa 14 kwa lita moja litatumia karibu lita 80 za petroli kwenda na kurudi, mbali na chakula na malazi ya dereva. Barabara yenyewe haina mbadala wa karibu. Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilipoikata eneo la Somanga, magari yalikwama pande zote mbili. Kwa hiyo anayemsubiri wakala kwa kila jambo huishia kuchelewesha sevisi, na injini nyingi huharibika kwa oili iliyopitiliza muda wake kuliko kwa oili iliyobadilishwa uani na mtu makini asiye fundi.

Hata hivyo, mtu asiianze kazi hii akitarajia kuokoa fedha nyingi. Ujira wa fundi wa gereji ya mtaani si mkubwa, na ukiichambua bili ya kumwaga oili utaona kwamba sehemu kubwa yake ni oili yenyewe na filta, ambavyo utavinunua hata ukifanya kazi mwenyewe. Faida ya kweli ni kujua kilichoingia kwenye injini. Filta kuukuu inaweza kufutwa kwa kitambaa ikang'aa na kuachwa palepale, au oili ya kupimwa kutoka kwenye pipa ikawekwa badala ya ile uliyoilipia, na wewe usione dalili yoyote hadi baada ya miezi mingi, wakati ambapo hakuna wa kuulizwa. Ukinunua vifaa mwenyewe, ukasimama karibu na fundi na kuondoka na filta ya zamani mkononi, umepata sehemu nzuri ya faida hiyo bila kujilaza chini ya gari, na kwa mtu mwenye shughuli nyingi naona hilo linatosha.

Namna ya kugawa kazi

Maswali mawili hutosha kuamua. La kwanza ni hili: nikikosea, gari litakataa kuwaka au litakataa kusimama? La pili ni kama unaweza kuthibitisha, kwa macho au kwa kipimo ulichonacho, kwamba kazi imekamilika ipasavyo. Oili hupimwa kwa kijiti na uvujaji wake huonekana sakafuni. Filta ya hewa huonekana ikiwa imekaa mahali pake. Upepo wa matairi una geji. Betri ina mita. Lakini hewa iliyobaki ndani ya bomba la breki haionekani, wala mkanda wa taimingi (unaolinganisha mizunguko ya ndani ya injini) uliokaa kando kwa jino moja hautajitangaza mpaka injini iungurume vibaya au ivunjike. Kazi za kundi la kwanza ni zako ukipenda, na za kundi la pili ni za fundi unayemwamini au za wakala.

Kumwaga oili

Tuchukue mfano wa injini ya 1NZ-FE, inayopatikana kwenye Toyota IST, Probox na baadhi ya Vitz, magari yaliyojaa kila mji wa Kusini. Injini hii huchukua takriban lita 3.7 za oili inapobadilishwa pamoja na filta, kwa hiyo galoni moja ya lita nne inatosha na kubakiza kidogo cha kuongezea baadaye. Bolti ya kumwagia oili hufunguliwa kwa spana namba 14. Kitabu cha gari la mtumba kutoka Japani kwa kawaida kimeandikwa Kijapani, lakini namba ya unene wa oili kama 5W-30 husomeka na yeyote. Mafundi wengi watakushauri 20W-50, ambayo ni nzito zaidi, kwa hoja kwamba pwani kuna joto. Mimi sikubaliani nao kwa injini ya aina hii ambayo bado ni nzima, kwa sababu mfumo wake wa VVT-i, unaorekebisha wakati wa kufunguka kwa valvu, huendeshwa kwa presha ya oili inayopita kwenye vijia vyembamba, na oili nzito huchelewa kufika huko injini inapowashwa ikiwa ya baridi. Oili nzito hupunguza moshi na ulaji wa oili kwenye injini iliyochoka, na hapo ndipo ushauri wao una mashiko.

Jambo la kwanza ni mahali pa kufanyia kazi. Ardhi ya viwanja vyetu vingi ni ya mchanga, na jeki iliyosimamishwa juu ya mchanga huzama au kuinama uzito ukishaingia. Tafuta sakafu ya saruji. Ukiikosa, tandika ubao mpana na mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi. Vuta breki ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, kisha uinue gari na kuliegemeza juu ya stendi mbili imara. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuokota spana.

Iwashe injini kwa dakika chache kabla ya kulinyanyua gari ili oili iwe vuguvugu na itiririke vizuri, lakini isiwe moto wa kukuunguza. Fungua kifuniko cha juu cha oili, weka beseni chini, kisha legeza bolti kwa kuizungusha kinyume cha mshale wa saa, na mwishoni uizungushe kwa vidole huku ukiisukuma juu ili isidondokee ndani ya beseni. Acha oili ichuruzike hadi iwe matone tu. Vaa glovu, kwa kuwa oili chafu ikizoea ngozi ina madhara.

Filta ndiyo inayotaka jicho la karibu. Ukiifungua, igeuze na uangalie kama mpira wake wa duara umetoka nayo, kwa sababu mara nyingine mpira huo huganda kwenye injini, nawe ukifunga filta mpya juu yake kutakuwa na mipira miwili iliyobebana, na presha ikipanda oili yote inaweza kumwagika barabarani ndani ya dakika chache. Futa kikalio chake kwa kitambaa safi, paka mpira wa filta mpya oili kidogo kwa kidole, izungushe kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Hapana haja ya kutumia spana kuikaza. Bolti ya chini nayo irudishwe na washa mpya na ikazwe kwa kiasi. Anayeikaza kwa nguvu za mwili mzima hula nyuzi za sampo (beseni la oili chini ya injini), na kazi ya kubadilisha sampo humaliza akiba ya sevisi nyingi.

Mimina lita tatu kwanza, pima kwa kijiti, kisha ongeza kidogo kidogo hadi alama ya juu bila kuipita. Washa injini: taa nyekundu ya oili inapaswa kuzimika ndani ya sekunde chache, na isipozimika zima mara moja. Chungulia chini kama kuna tone, zima, subiri dakika tano gari likiwa limekaa sawa, upime tena; kiwango kwenye kijiti kitashuka kidogo kwa sababu oili imeingia kuijaza filta. Oili chafu usiimwage mchangani, hasa penye visima vya jirani, kwa kuwa mchanga hauizuii kufika kwenye maji. Iweke kwenye dumu na umpe mwenye gereji anayekusanya.

Vumbi, chumvi na maji ya kisima

Ratiba ya kilometa 5,000 kwa oili ya kawaida ni ya kuheshimiwa zaidi huku kuliko penye lami kila mahali. Anayezunguka vijiji vya Tandahimba, Newala au Nachingwea wakati wa msimu wa korosho, akipishana na malori kwenye barabara za vumbi, aifungue filta ya hewa kila mwezi. Kazi hiyo haihitaji zaidi ya kufungua vibana vichache vya boksi lake. Ikung'ute kwa upole. Ukiielekeza kwenye mwanga na usione mwanga ukipenya, nunua nyingine. Usiioshe kama ni ya karatasi.

Chumvi ya bahari hula vyuma vya chini. Aliyeliteremsha gari kwenye mchanga wa ufukwe wa Msimbati alisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, hasa ndani ya matao ya magurudumu na kwenye mabomba ya breki. Na maji ya kisima, ambayo pwani mara nyingi yana chumvi, yasitiwe kwenye rejeta. Tumia kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) iliyochanganywa tayari, na kama ni dharura tumia maji safi ya chupa, kisha uyamwage na kuweka kulanti ukifika. Kifuniko cha rejeta hufunguliwa injini ikiwa imepoa tu.

Vichwa vya betri vikiota unga mweupe au wa kijani, visafishe kwa magadi na maji ya uvuguvugu. Mita ya bei ndogo itakueleza mengi: betri nzima iliyotulia husoma karibu volti 12.6, na injini ikiwa inaunguruma namba ipande kati ya 13.8 na 14.4 kwa magari mengi. Isipopanda, usikimbilie kununua betri mpya, maana huenda tatizo ni altaneta inayochaji betri au mkanda wake.

Kazi za fundi na za wakala

Mafuta ya breki hunyonya unyevunyevu wa hewa, na pwani hewa yetu haina uhaba nao. Kwa viwango vya DOT 3 (daraja linaloandikwa kwenye chupa), mafuta mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 205, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka kwenye mteremko mrefu, pedali huzama. Kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili ni jambo la lazima, ila kutoa hewa kwenye mfumo mpe fundi. Mkanda wa taimingi kwenye injini za dizeli za Toyota kama 1HZ na 1KZ nao ni wa fundi mzoefu. Ukinunua gari lenye injini hizo, usiridhike kwamba taa ya mkanda imezimwa kwenye dashibodi, kwa sababu taa huzimwa hata mkanda usipoguswa.

Gari jipya lililo ndani ya waranti lipelekwe kwa wakala hata kama safari inauma, au soma kijitabu cha waranti uone kinaruhusu nini na uhifadhi kila risiti ya EFD ya oili na filta. Kwa gari la mtumba, wakala ana maana kwa mambo machache tu: hitilafu za kompyuta zilizowashinda mafundi wa mjini, giaboksi ya otomatiki inayosita, na mifuko ya hewa. Yakusanye hayo kwenye safari moja uliyokuwa nayo tayari, umkabidhi daftari lenye tarehe na kilometa za kila kazi uliyoifanya, na umpe namba ya chasisi aangalie kama gari lako limo kwenye wito wa kubadilishiwa mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata, kasoro iliyogusa magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 2000, ambayo hakuna gereji ya uani inayoweza kuigundua kwa kuitazama.