Kabla Hujajiandikisha AP Seminar, Yajue Haya

Jambo la kwanza, jua unachokiingia. AP Seminar ni kozi ya mwaka mzima ya AP (Advanced Placement, masomo ya kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari) inayosimamiwa na College Board, shirika la Marekani linaloendesha mitihani hiyo, na wengi huianza darasa la 10 au la 11. Haina mada za kukariri. Unafundishwa kuuliza swali, kusaka vyanzo, kuipima hoja ya mtu mwingine na kujenga ya kwako. Kama umezoea kufaulu kwa kukesha na daftari wiki ya mtihani, hapa utaumbuka.

Angalia alama zinatoka wapi: kazi ya kikundi 20%, kazi binafsi 35%, mtihani wa Mei 45%. Kwa hiyo siku unapoingia chumba cha mtihani, zaidi ya nusu ya alama zako zimeshafungwa. Mwisho wa kupandisha kazi mtandaoni ni tarehe 30 Aprili, na mfumo hausikilizi hadithi ya kompyuta iliyozima.

Kikundi usichague kwa urafiki. Basi.

Sasa lile linalowaangusha hata wenye akili: mitazamo. Kozi inakufundisha kulitazama jambo kwa lenzi mbalimbali, ya uchumi, siasa, sayansi, maadili na nyinginezo, na mwanafunzi anadhani akipata makala moja kwa kila lenzi, kazi imekwisha. Kijana mmoja wa jirani yangu aliniletea rasimu ya ripoti yake, ile ya maneno 1,200 ambayo kila mwanakikundi huandika peke yake. Swali lake lilikuwa kama shule zipige marufuku simu darasani. Alikuwa na makala ya mwanasaikolojia, ya mchumi, ya daktari na ya mwalimu. "Mitazamo minne," akaniambia, kifua mbele.

Tukazitandaza mezani. Nikampa kalamu nyekundu, nikamwambia aandike juu ya kila karatasi sentensi moja: huyu anataka nini, na kwa sababu gani. Ya kwanza: zipigwe marufuku, zinavuruga umakini. Ya pili hivyo hivyo, ya tatu hivyo hivyo. Alipofika ya nne akaiweka kalamu chini. Watu wanne wenye vyeo tofauti, wimbo mmoja. Nikamuuliza, "Nani hapa anambishia nani?" Hakuwa na jibu, na muda wa kuanza upya hakuwa nao. Akachomeka aya moja inayoanza na "hata hivyo, wapo wasiokubali", akaikabidhi.

Ilimfuata hadi siku ya kuwasilisha. Baada ya wasilisho la kikundi, mwalimu humuuliza kila mmoja swali la kutetea kazi. Yeye aliulizwa ushahidi unaopinga ulibadilisha nini kwenye hoja yake. Akarudia alichokwisha kusema, kwa sauti kubwa zaidi.

Angetafuta mzazi anayetaka kumpata mwanawe kukiwa na dharura, na mwalimu anayeitumia simu hiyo hiyo kufundishia. Hata wawili wanaokubaliana kwenye marufuku wanaweza kugongana: mmoja anajali alama, mwingine anajali watoto wanaodhihakiwa mtandaoni. Wa kwanza ataridhika simu zikizimwa kipindi kikianza. Wa pili hataridhika, maana dhihaka haingoji kipindi. Hapo ndipo pana kazi. Kwa hiyo kabla hujaandika aya hata moja, chora jedwali: nani anasema nini, ushahidi wake ni upi, anamjibu nani, na hoja yake inapwaya wapi. Safu ya "anamjibu nani" ikibaki tupu, rudi maktaba.

Kazi binafsi nayo ina mtego wake. Januari College Board hutoa fungu la matini. Unatafuta uzi unaoziunganisha, unaandika insha ya maneno 2,000, kisha unawasilisha kwa dakika 6 hadi 8 na kujibu maswali. Ni lazima utumie angalau matini moja ya fungu hilo, na iwe na kazi ndani ya hoja. Ukiipachika kama pambo, msahihishaji anaona. Wala usitegemee mwalimu akunyooshee rasimu hiyo, haruhusiwi.

Andika chanzo papo hapo unapokisoma: mwandishi, mwaka, ukurasa. Wazo la mtu likiingia bila kutajwa mwenyewe, kipengele hicho kinaweza kupewa 0. Akili mnemba inaruhusiwa kwa mambo machache kama kutafuta pa kuanzia, lakini kuna hatua za katikati ambapo mwalimu anahakikisha kazi ni yako. Usizikwepe, nazo zina 0 yake.

Kama unaitaka diploma ya AP Capstone, piga hesabu mapema: alama 3 au zaidi, katika kipimo cha 1 hadi 5, kwenye Seminar, kwenye AP Research (kozi ya utafiti) inayofuata, na kwenye mitihani mingine minne ya AP. Uliza pia chuo unachokitaka kama kinaitambua kozi hii, maana vyuo havifanani.

Mengine unayajua. Hifadhi nakala mbili. Jaribu projekta kabla. Usibadilishe swali wiki ya mwisho kwa sababu limekuchosha. Usiazime insha ya aliyekutangulia, hata "kuangalia tu". Na mwenzako wa kikundi akianza kupotea, mwambie mwalimu wiki hiyo hiyo, si asubuhi ya kuwasilisha.