Somo: Kurekebisha tovuti ya sabuni za kutengenezwa kwa mkono, kuanzia ukurasa wa bidhaa

Mnunuzi wa sabuni akiwa na kipande mkononi hukinusa kwanza, hukipima uzito, hukitazama ubavuni, ndipo anauliza bei. Kwenye tovuti hana pua wala mkono. Ukurasa wa bidhaa ndio unaobeba kazi hiyo yote, na ndipo marekebisho yanapaswa kuanzia. Nembo, rangi za juu ya ukurasa na historia ya biashara vinaweza kusubiri.

Hatua ya 1: Chagua sabuni moja

Chukua ile inayotoka sana. Rekebisha ukurasa wake mpaka mwisho, kisha uutumie kama kielelezo cha kurasa nyingine. Ukigusa kurasa zote kwa pamoja utaishia na kurasa nyingi zilizorekebishwa nusunusu, na hutajua ni badiliko gani lililoleta oda.

Hatua ya 2: Picha

Piga picha baada ya sabuni kukomaa, usipige siku ya kuikata. Sabuni ya njia ya baridi, yaani inayotengenezwa bila kupikwa, hukaa wiki 4 hadi 6, na rangi yake hubadilika humo ndani. Manukato yenye vanilini (kiini cha harufu ya vanila) ndiyo yanayosumbua zaidi: kipande kinachotoka kwenye kikasha kikiwa cheupe huanza kuwa cha rangi ya krimu, kisha hudhurungi, na kikiwa na vanilini nyingi huishia kahawia iliyokolea. Mteja aliyeagiza sabuni nyeupe akapokea ya kahawia ataamini umemtumia isiyo yake, hata kama imetoka kwenye mkupuo uleule (sabuni zilizotengenezwa kwa pamoja) wa pichani.

Picha nne zinatosha: uso mzima juu ya kitambaa au ubao usio na rangi kali, ubavu uliokatwa, kwa karibu, ili mawimbi ya rangi na chembechembe zionekane, kipande kikiwa kiganjani, maana namba za sentimita peke yake hazimpi mtu picha ya ukubwa, na povu lenyewe kwenye mkono uliolowa. Tumia mwanga wa dirisha unaotoka ubavuni, weka kadibodi nyeupe upande wa pili ili kivuli kilainike, na zima taa za ndani. Mwanga wa taa ya manjano ukichanganyika na wa mchana, kamera hushindwa kujua nyeupe ni ipi na sabuni hutoka na rangi mbili.

Sasa uzito wa faili. Picha kutoka kwenye simu mara nyingi huwa na megabaiti kadhaa. Ipunguze upana hadi pikseli 1200, ihifadhi kwa WebP (aina ya faili nyepesi ya picha), au JPEG ya ubora wa 80 hivi, na ulenge chini ya kilobaiti 200. PNG iachie nembo. Google huhesabu kwamba ukurasa una kasi nzuri iwapo kitu chake kikubwa kinachoonekana kwanza kimejitokeza ndani ya sekunde 2.5, na kwenye ukurasa wa sabuni kitu hicho karibu kila mara ni picha ya kwanza. Kwa hiyo hakikisha picha hiyo haijawekewa mpangilio wa kusubiri mpaka msomaji ashuke chini; programu nyingi za tovuti huuweka zenyewe kwa picha zote. Kwa picha za chini ni mpangilio mzuri. Pia taja upana na urefu wa kila picha kwenye msimbo, la sivyo maandishi huruka picha inapofika na kidole cha mteja hubonyeza kisichokusudiwa.

Hatua ya 3: Maelezo

Anza na harufu, na useme nguvu yake. "Harufu ya kupendeza" haimwambii mtu lolote. Linganisha na hii:

*Sabuni ya mkaa na mnanaa, si chini ya gramu 100. Mnanaa unasikika wazi wakati wa kuoga na hupotea ukishajikausha. Povu ni zito na lina ukijivu kwa sababu ya mkaa. Suuza vizuri kabla ya kutumia taulo nyeupe. Haina chembe za kukwaruza.*

Mistari michache tu, na maswali ambayo yangekuja kwa ujumbe yameshajibiwa, likiwemo la taulo ambalo wauzaji wengi huogopa kuligusa.

Uzito una mtego wake. Sabuni hupoteza maji inapokomaa: kipande cha gramu 120 siku ya kukatwa kinaweza kushuka hadi karibu 105, kulingana na maji uliyotumia. Andika uzito wa chini wakati wa kuuza, na upime vipande kadhaa vya kila mkupuo, hasa kama unakata kwa macho.

Kwenye viungo, amua mtindo mmoja. Unaweza kuorodhesha vilivyoingia sufuriani: mafuta ya zeituni, mafuta ya nazi, maji, kostiki soda. Au vilivyotoka baada ya mmenyuko, kwa majina kama Sodium Olivate, Sodium Cocoate na Glycerin. Ukichanganya mitindo hiyo miwili, orodha haieleweki. Wanaoogopa neno kostiki waelezwe papo hapo: kostiki soda hutumika yote inapogeuza mafuta kuwa sabuni, mradi mapishi yamepigiwa hesabu ya mafuta ya ziada, yaani yanayozidi kiasi ambacho kostiki inaweza kugeuza, mara nyingi asilimia 5. Usiandike "haina kemikali" wala "pH ya ngozi". Sabuni halisi huwa na pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 9 hadi 10 hivi, juu ya ile ya ngozi, na mteja mwenye kikaratasi cha kupimia atakuumbua kwa haki.

Hatua ya 4: Bei, kitufe na usafirishaji

Bei na kitufe cha kuweka kapuni vikae pamoja, karibu na picha ya kwanza. Kitufe kiwe na kimo cha pikseli 48 au zaidi, maandishi ya kawaida pikseli 16. Tovuti za sabuni hupenda maandishi ya kijivu hafifu juu ya rangi ya krimu. Yanapendeza kwenye skrini ya mbunifu na hayasomeki juani. Uwiano wa utofauti kati ya rangi ya maandishi na ya nyuma yake uwe angalau 4.5 kwa 1.

Gharama ya kutuma ionekane kabla ya mteja kujaza anwani. Mtu akiikuta hatua ya mwisho, huondoka. Tena usimlazimishe kufungua akaunti ili anunue kipande kimoja.

Hatua ya 5: Jina linalotafutwa

Hakuna anayetafuta "Ndoto ya Malkia". Wanatafuta sabuni ya mkaa, sabuni isiyo na manukato, sabuni ya maziwa ya mbuzi. Kichwa cha ukurasa kianze na maneno hayo na kisizidi herufi 60 hivi. Jina la kishairi libaki kwenye kifungashio.

Hatua ya 6: Jaribu kwa mtu mwingine

Mpe simu mtu ambaye hajawahi kuiona tovuti, umwambie anunue vipande viwili, kisha unyamaze. Anapokwama usimsaidie, andika mahali alipokwama. Hapo ndipo pa kurekebisha.

Maswali ya wanachama

*Shukrani kwa somo. Mkupuo ukiisha nafuta ukurasa wake kwa muda. Ni sawa?*

Hapana ndugu. Ukiufuta, viungo vyote vya mtandao (linki) vilivyokuwa vinaelekea hapo hufa na nafasi yake kwenye utafutaji hupotea. Uache, andika "umeisha, mkupuo unaofuata uko tayari tarehe fulani", weka fomu ya kuacha barua pepe. Tarehe unaijua, kwa kuwa sabuni ipo rafuni inakomaa. Kama hutaitengeneza tena kabisa, weka uelekezo wa kudumu wa 301, unaompeleka moja kwa moja anayefungua anwani ya zamani, kwenda kwenye sabuni inayofanana nayo. Usielekeze kwenye ukurasa wa mwanzo. Mteja hataelewa kwa nini yuko pale.

*Mwalimu, wateja wangu wanasema sabuni ya salfa imewaondolea chunusi. Naweza kuandika inatibu?*

Usiandike, na maoni ya wateja yanayosema hivyo usiyapandishe kuwa tangazo. Dai la kutibu hubadilisha bidhaa kisheria. Marekani, kwa mfano, sabuni inayodaiwa kutibu chunusi huhesabiwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huko, kuwa dawa, na masharti ya dawa huifuata. Soma sheria ya kila nchi unakotuma. Kusema inasafisha, ina povu jepesi na haina manukato kunatosha.

*Nina harufu 14, mapishi ni yaleyale. Nifanye kurasa 14 au moja yenye machaguo?*

Zile zinazotafutwa kwa jina, kama lavenda au mkaa, zipe ukurasa wake na maelezo yake yenyewe. Zilizobaki ziweke ukurasa mmoja wenye machaguo, na picha ibadilike mteja anapochagua. Kurasa 14 zenye aya ileile iliyonakiliwa hushindana zenyewe kwa zenyewe.

*Nimepima na PageSpeed Insights, kipimo cha Google cha kasi ya tovuti. Kompyuta inanipa kijani, simu nyekundu. Picha nimeshapunguza.*

Kipimo cha simu huiga simu ya kawaida yenye mtandao wa polepole, kwa hiyo vitu ambavyo kompyuta inavimeza huonekana pale. Ukishamaliza picha, angalia dirisha la mazungumzo, dirisha la punguzo linaloruka, na fonti. Zima kimoja, pima, kirudishe, zima kingine. Fonti mbili zenye unene wa aina mbili kila moja ni faili nne. Familia moja yenye unene wa kawaida na mzito inatosha duka la sabuni. Pima kila badiliko mara tatu na uchukue alama ya katikati, maana hupanda na kushuka hata usipogusa kitu.