Bamvua ya Norfolk haijai saa zetu

Kama unasoma Cambridge, Norwich au hata London na maktaba imekuchosha, nenda Snettisham, pwani ya Norfolk, ukatazame ndege wa majira ya baridi. Ila kabla hujakata tiketi, nisikilize kuhusu maji, maana maji ndiyo yaliyonifanya kichekesho.

Mimi ni mtoto wa pwani. Kwetu, bamvua ikiingia, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanakupwa kwenye saa nne asubuhi, kina mama wanashuka miambani kutafuta pweza, na kwenye saa kumi jioni bahari imeshajaa. Hakuna anayeuliza. Unatazama mwezi, basi.

Ghuba ya The Wash, iliyo mbele ya Snettisham, ina makumi ya maelfu ya ndege wanaokula kwenye matope: sululu, vitwitwi, na chamchanga wa kijivu walioanguliwa Greenland na kaskazini ya Kanada. Maji yakijaa sana hadi matope yote yakafunikwa, wanaruka kwa pamoja kwenda kwenye mabwawa ya machimbo ya zamani ya kokoto, nyuma ya ufuo. Ndilo lile wingu linalojikunja kwenye picha.

Basi nikangoja mwezi mpevu wa Desemba, nikapanda treni kwa raha zangu, hesabu yangu saa kumi. Nilifika karibu saa nane mchana. Matope hadi macho yanapoishia, na ndege huko mbali kama pilipili manga iliyomwagika kwenye sinia. Saa kumi kasoro jua likazama. Maji yalikuja kujaa usiku, mimi niko kituoni natetemeka, basi limeshaondoka. Mzee mmoja mwenye darubini ya miguu mitatu aliniuliza kwa upole kama nilitazama jedwali la maji. Nikamjibu nilitazama mwezi.

Mwezi haudanganyi, ila kila pwani ina saa yake. Pale The Wash bamvua hujaa kwenye saa moja, asubuhi na jioni, iwe Desemba au Machi. Kwa hiyo ukitaka kuona kitu, uwe umekaa pale gizani, alfajiri, maji bado yanapanda. Treni ya asubuhi itakuchelewesha. Nasema tena: treni ya asubuhi itakuchelewesha. Lala King's Lynn au Hunstanton, na kutoka maegesho hadi mahali pa kutazamia hesabu mwendo mrefu wa miguu. Na usishuke kwenye matope, hata kama uliogelea kabla hujajua kutembea. Maji hupita kwenye vijito nyuma yako.

Kama una hiari, chagua mwezi mwandamo. Kwenye mbalamwezi mabata bukini wa Iceland hula hata usiku, na kule kuruka kwao kwa pamoja alfajiri kwenda mashambani kunapungua.

Usiyeweza kuamka, nenda Welney, hifadhi nyingine ya ndege, kwa mabata maji weupe, nao wa Iceland. Kule hakuna kungoja maji, ila bila gari ni taabu.

Binamu yangu alikuja likizo, akasema tutakodi kijana wa kutuongoza kama pale Mida, Watamu. Ndugu yangu, hapa hakuna kijana getini. Kuna ubao, na wewe na akili zako. Naye mama mkubwa, kwenye video, aliuliza kama nimevuka bahari kutazama ndege wakati kwao wanamaliza mpunga. Mama, ada haikulipia darubini, niliazima.

Waingereza nao wana mambo. Kwenye treni utakaa na mtu saa nzima asikupe hata jambo. Kwenye kibanda cha mbao cha watazama ndege, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtu huyohuyo alinisogezea darubini yake na kikombe cha chai, akanionyesha chamchanga mmoja mwenye pete mguuni, akanong'ona kama tuko msikitini.

Jedwali la maji sasa nimelibandika ukutani, chini ya ratiba ya swala.