Somo: Kapcha zisizoisha kwenye Wi-Fi ya nyumbani, na namna ya kujua tatizo liko wapi

Unatafuta kitu Google, unaambiwa mtandao wako unatuma maombi yasiyo ya kawaida. Unapewa kapcha, yaani jaribio la kuthibitisha wewe si roboti: unachagua picha za pikipiki, unachagua za taa za barabarani, halafu unarudishwa mwanzo. Ikitokea mara moja moja, achana nayo. Ikiwa ni kila siku, na kila mtu aliye kwenye Wi-Fi hiyo analalamika, tovuti haikushuku wewe bali inashuku anwani ya IP unayotokea, yaani namba inayotambulisha mtandao wako kwenye intaneti. Cha kutafuta ni nani wengine wanaitumia anwani hiyo.

Tusichanganye mambo: ile hesabu ndogo ya kujumlisha au kutoa unayoulizwa ukiingia iTax, tovuti ya kodi ya Kenya, huulizwa kila mtu. Si dalili ya chochote.

Anwani za IPv4, yaani za mfumo wa zamani, ni kama bilioni 4.3 tu duniani, na mafungu ya mwisho ya akiba kuu yaligawanywa Februari 2011. Ndiyo maana kampuni nyingi za intaneti huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, mpango unaoitwa CGNAT. Chukulia ploti yenye geti moja: aliye barabarani anaona geti, hajui nani amepanga nyumba namba 14. Mpangaji mmoja akituma maelfu ya maombi kwa roboti, wote mnaotokea geti hilo mnasimamishwa.

Hatua ya 1: Tenganisha kifaa na mtandao

Chukua simu moja, kivinjari kimoja na ukurasa ule ule unaosumbua. Ufungue kwenye Wi-Fi, kisha zima Wi-Fi uufungue kwa bando. Halafu jaribu simu ya mtu mwingine kwenye Wi-Fi hiyo hiyo. Kapcha ikifuata simu yako hata kwenye bando, shida ni simu au kivinjari. Ruka hadi hatua ya 4. Ikibaki kwenye Wi-Fi kwa simu zote, endelea.

Angalizo: mitandao ya simu nayo hushirikisha anwani. Kapcha moja kwenye bando haithibitishi kitu, kwa hiyo rudia jaribio saa tofauti, mchana na usiku.

Hatua ya 2: Linganisha anwani mbili

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu wanaangalia anwani ya simu. Simu ikiwa kwenye Wi-Fi karibu kila mara ina anwani ya ndani, mfano 192.168.1.23, na hiyo haisemi lolote kuhusu CGNAT. Unayoitaka ni anwani ambayo rauta yako imepewa upande wa nje.

Ingia kwenye rauta. Vifaa vingi vya faiba vya Huawei hufunguka kwa 192.168.100.1, TP-Link kwa 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Anwani na neno la siri huwa kwenye stika chini ya kifaa. Tafuta sehemu iliyoandikwa WAN (upande wa nje) na unakili anwani ya IPv4. Kisha, ukiwa kwenye Wi-Fi hiyo na VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine) ikiwa imezimwa, fungua ip4.me uone anwani ambayo dunia inaiona.

Zikifanana, una anwani ya umma yako peke yako, angalau kwa leo. Uchafu basi unatoka ndani ya nyumba, au umeurithi kwa mteja aliyeitumia anwani hiyo kabla yako.

Zikitofautiana, soma mwanzo wa anwani ya WAN. Kuanzia 100.64 hadi 100.127 ni CGNAT; fungu hilo lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa. Ikianza na 10, au 172.16 hadi 172.31, inaweza kuwa CGNAT pia, au kuna rauta nyingine mbele yako. Ikianza na 192.168, karibu kila mara ni rauta nyingine mbele yako, yaani uko kwenye intaneti ya ploti.

Mwenye Windows ahakikishe: fungua kidirisha cha amri (Command Prompt) uandike tracert -d 8.8.8.8, amri inayoonyesha rauta unazopitia, kisha soma mistari mitatu ya kwanza. Wa kwanza ni rauta yako. Wa pili ukiwa 192.168.88.1, hiyo ndiyo anwani ya kiwandani ya MikroTik, rauta inayopendwa na wauzaji wa intaneti mitaani. Wa tatu ukianza na 100.64 au namba jirani, basi unapita geti mbili: la ploti, halafu la kampuni.

Hatua ya 3: Safisha nyumba, hata kama uko kwenye CGNAT

Usirukie kulaumu majirani kabla hujakagua kwako. Mshukiwa wa kwanza ni kile kiboksi cha Android cha TV cha bei rahisi kinachouzwa kwa ahadi ya chaneli zote bure. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0: vifaa vya aina hiyo huja na programu hasidi tangu kiwandani, au huipata wakati wa kuviandaa mara ya kwanza, kupitia programu zinazopakuliwa nje ya duka rasmi. Kazi yake mojawapo ni kugeuza intaneti yako kuwa proksi, ili watu usiowajua wapite kwa anwani yako.

Kiboksi kikikuambia uzime Play Protect, ulinzi wa Google dhidi ya programu hasidi, ndipo programu ziingie, hiyo tosha. Kichomoe ukutani. Ukizima kwa rimoti kinasinzia tu na kinaweza kuendelea kutuma. Kiache siku mbili nzima, kisha rudia hatua ya 1. Usitarajie nafuu papo hapo, maana tovuti huondoa kizuizi baada ya maombi mabaya kukoma.

Wa pili ni programu za simu zinazokulipa ili "ushiriki intaneti usiyoitumia", pamoja na baadhi ya VPN za bure. Hizo huuza anwani yako waziwazi, imeandikwa kwenye masharti ambayo hakuna anayeyasoma. Ziondoe kwenye simu zote, za watoto pia.

Kisha badilisha neno la siri la Wi-Fi, hasa kama aliyehama mwaka jana bado analo. Ukikagua orodha ya vifaa kwenye rauta utakuta majina ya ajabu. Simu za sasa hujibadilishia namba ya utambulisho, kwa hiyo usishtuke. Zima kifaa kimoja kimoja uone jina lipi linatoweka.

Hatua ya 4: Kivinjari

Kisasishe, acha kutumia dirisha la faragha kwa kila kitu, usifute vidakuzi kila siku, na weka saa ya simu ijirekebishe yenyewe. Viongezi vya kuzuia matangazo vizime kimoja kimoja. Kwenye iPhone yenye iOS 16 kwenda mbele, fungua mipangilio ya akaunti yako ya Apple, sehemu ya usalama, uhakikishe "Automatic Verification" imewashwa. Baadhi ya tovuti zitakupitisha bila kapcha.

Hatua ya 5: IPv6

Ukiniuliza, hii ndiyo dawa halisi kwa aliye kwenye CGNAT. Kwenye IPv6, mfumo mpya wenye anwani tele, kila nyumba hupewa fungu lake, hivyo tovuti inayoikubali, Google ikiwemo, inakuona wewe badala ya geti la wote. Fungua test-ipv6.com. Ukipata 10/10, umeshapona kwa tovuti hizo. Ukipata 0/10, ingia kwenye rauta uwashe IPv6, zima na uwashe tena, ujaribu upya. Ikikataa, muulize mtoa huduma kama anaitoa. Ukishaiwasha, hakikisha ngome (firewall) ya rauta inalinda IPv6 pia.

Hatua ya 6: Mtoa huduma

Usipige simu kusema "intaneti ni mbaya". Tuma anwani ya WAN, anwani ya nje, tarehe na saa, jina la tovuti, picha ya skrini, na matokeo ya hatua ya 1. Omba uhamishiwe anwani nyingine ya nje, au upewe anwani ya umma. Anwani ya umma isiyobadilika kwa kawaida hulipiwa kila mwezi, kwa hiyo uliza kwanza kama kuna inayobadilika.

Ukikuta anwani yako kwenye PBL, orodha ya Spamhaus, shirika linalopambana na barua taka, usihangaike. Orodha hiyo huhusu barua pepe, na anwani za nyumbani huwekwa humo kwa utaratibu tu.

Maswali ya wanachama (kila mmoja ametajwa kwa mtaa wake wa Nairobi)

*Roysambu:* Fundi, nikiweka VPN ya bure si nitakwepa anwani hii?

Utahamia geti lenye watu wengi zaidi, na wengine wamelifuata kwa sababu ya roboti zao. Tarajia kapcha kuongezeka.

*Kayole:* Sisi tunalipia Wi-Fi ya ploti kwa wiki, rauta iko kwa caretaker. Nikinunua rauta yangu itasaidia?

Hapana ndugu, itakuwa bado nyuma ya rauta yake. Mwonyeshe matokeo ya tracert. Kama ni MikroTik, afungue Winbox (programu ya kusimamia MikroTik), aende IP, Firewall, kisha Connections, apange kwa anwani ya chanzo. Nyumba ya kawaida huwa na makumi au mamia ya miunganisho. Kifaa chenye maelfu usiku wa manane ndicho cha kukatwa kwanza.

*Lang'ata:* Nina Starlink, WAN inaanza na 100. Nimeibiwa?

Hujaibiwa dada. Kifurushi cha nyumbani cha Starlink hutumia CGNAT kwa IPv4, lakini IPv6 ipo. Kama umeweka rauta yako mwenyewe, washa DHCPv6 yenye kuomba fungu (prefix delegation), yaani rauta iombe fungu la anwani za IPv6, utapewa fungu la ukubwa wa /56. Wengi husahau hapo.

*Umoja:* Nachagua picha sahihi na bado inakataa. Kwa nini?

Picha ni sehemu tu ya hukumu. Anwani, vidakuzi na mwendo wa kubonyeza vinapimwa pia. Usipakie upya ukurasa mara kumi, kwa sababu hapo unafanana na roboti. Subiri dakika kadhaa, au bonyeza alama ya hedifoni upate jaribio la sauti.

*South B:* Tovuti moja imeniambia nibonyeze Windows na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter ili nithibitishe mimi ni binadamu. Ni kapcha mpya?

Ni mtego. Ukurasa umeshanakili amri kwenye kompyuta yako, na wewe ndiye unayeiendesha. Kapcha ya kweli haitoki nje ya kivinjari. Kama hujabonyeza Enter, funga ukurasa. Kama umebonyeza, kata Wi-Fi ya kompyuta hiyo, badilisha neno la siri la barua pepe na benki ukitumia kifaa kingine, ondoka (sign out) kwenye akaunti zako katika vifaa vyote, kisha ikague kwa Microsoft Defender katika hali ya nje ya mtandao kabla ya kuirudisha kwenye Wi-Fi.